Viti Vinne kutoka Kilosa

Kilosa,
14 Juni 2024

Kwa Mwenye Nyumba ya Wageni,
Karibu na Mizani,
Mikumi.

YAH: VITI VINNE VYA MNINGA NA HENZIRANI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni Anastazia Mkude, mstaafu, mkazi wa Kilosa mjini. Mwezi wa nne mwaka huu kijana wangu, Ditram, alikuuzia viti vinne vya kuchonga. Jirani yangu alipanda basi moja na kijana, naye ndiye aliyenielekeza viliposhushwa. Jina lako hakulijua. Utaniwia radhi.

Napenda ieleweke kwamba viti viliuzwa kwa ruhusa yangu na kwamba sidai kitu. Naandika kwa sababu nina hakika kijana hakukueleza namna ya kuvitunza. Hajawahi kuvitunza yeye.

Mbao ni mninga na hazina shida, zifute vumbi tu. Shida iko kwenye kikalio. Henzirani, zile nyuzi za mmea zilizosukwa, ikikauka sana hukatika kama tambi. Kwa hiyo kila mwezi pindua kiti, lowesha kikalio kwa upande wa chini kwa kitambaa na maji ya vuguvugu, kisha kiache kivulini siku nzima. Kitavutika chenyewe na kukaza. Usikipake vanishi. Usikiweke juani. Usimruhusu mtu kukisimamia, hata mtoto. Na yule wa mguu wa nyuma uliopasuka kidogo asisukumwe, abebwe. Naona nimeandika "yule" kama mtu. Utanisamehe, nimekaa navyo tangu utotoni.

Jambo la mwisho, kama hutajali. Siku ile kijana alikuwa amevaa sweta? Aprili ilikuwa na mvua nyingi na kifua chake si kizuri.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Anastazia Mkude


Mikumi,
23 Juni 2024

Mama Anastazia,

Shikamoo.

Barua yako nililetewa na Doto, kondakta wa basi la asubuhi. Niliisoma nimesimama mlangoni, nikaingia ndani, nikakaa, nikaisoma tena. Sitakuficha kwamba ilinishtua. Kuhusu mwenye viti nilikuwa nimeelewa vingine. Tuyaache hayo. Namshukuru Mungu kwamba unaandika kwa mkono wako.

Naitwa Cornel Haule. Kwetu ni Songea, lakini hapa Mikumi nina mwaka wa ishirini na mbili. Gesti yangu ina vyumba sita. Viti vyako viko sebuleni, mbali na dirisha, na leo asubuhi nimevipindua vyote vinne na kuvilowesha kama ulivyosema. Kile cha mguu uliopasuka nimekijua na nimekibeba.

Ndiyo, kijana alikuwa amevaa sweta la kijani, limefumwa kwa mkono, mikono mirefu. Alikuwa mzima.

Mama, kama ungependa viti virudi, sema neno moja tu, nitavipakia kwenye basi na sitahitaji maelezo. Namba yangu ya simu nimeiandika nyuma ya bahasha. Piga wakati wowote.

Wako,
Cornel


Kilosa,
2 Julai 2024

Ndugu Cornel,

Marahaba. Nimefurahi kupata jina la kuandika juu ya bahasha.

Kuhusu kurudisha viti, jibu ni hapana. Nilishasema sidai, na neno nikiliandika huwa nimelifikiria. Nilikuwa karani wa masjala miaka thelathini na moja. Kuhusu simu, siitumii. Niandikie.

Sweta la kijani ni la marehemu baba yake. Nimelitafuta sandukuni mwezi mzima. Basi kama liko mwilini mwake, halijapotea.

Kwa kuwa sasa unakaa na viti hivyo, ni haki yako kujua vilikotoka. Baba yangu, mzee Yohana, alikuwa seremala kwenye shamba la mkonge huku kwetu. Mwaka 1958 meneja wa shamba alimwagiza viti vinne vya mezani. Baba alivichonga kwa miezi kumi. Ukitazama lile egemeo utaona majani marefu yamepandana na katikati kuna mlingoti wenye maua. Hilo ni ua la mkonge. Kusuka henzirani hakufundishwa na mtu. Jumapili ofisi ikifungwa alikuwa akienda kufumua kikalio cha kiti kibovu cha ofisini, anahesabu nyuzi, anakisuka tena, mpaka mkono ukazoea. Viti vilipokamilika meneja akaja kuviona. Akasema anashinda kutwa akitazama mkonge, hataki kuukuta tena mezani. Akaagiza vingine Dar es Salaam.

Baba alivipanga kwenye mkokoteni akavileta nyumbani, na tangu siku ile sisi watoto wa seremala tulikula ugali tumekalia viti vya meneja. Mama yangu alikuwa akitukemea tusicheke mezani. Alidhani mzungu atapita asikie.

Mimi kwa sasa ninatumia kiti cha plastiki cha kanisani, wameniazima. Ni kizuri, chepesi. Upepo ukivuma kinahama chenyewe.

Nina ombi moja. Siku ile Ditram alikuambia nini? Sitaki muhtasari. Kama unayakumbuka maneno yenyewe, yaandike. Hajafika nyumbani tangu wakati huo, ana shughuli nyingi.

Wako,
Anastazia Mkude


Mikumi,
16 Julai 2024

Mama Anastazia,

Shikamoo.

Habari ya mzee Yohana niliwasomea wageni wawili waliokuwa wanasubiri gari, na mmoja aliinuka akageuka kutazama egemeo alilokuwa ameliegemea. Alisema alidhani ni nanasi.

Umeniuliza maneno ya kijana. Nakumbuka vizuri. Alishuka kwenye basi, akavipanga viti hapa nje, nikamuuliza kwa nini anauza kitu kizuri hivi. Akaniambia, "Mzee, mama yangu mpendwa ni mgonjwa sana, amelazwa Morogoro, na mimi kama mtoto wake wa pekee siwezi kukaa nikitazama huku gharama za matibabu zikiongezeka, ndiyo maana nimeamua kuuza viti hivi ambavyo yeye mwenyewe angependa vitumike kumponya." Aliyasema kwa uchungu mkubwa. Nilimpa chai akanywa, akasema anawahi hospitali.

Kwa hiyo, mama, ujue una kijana anayekupenda.

Lakini nina habari mbaya pia. Wiki iliyopita mgeni mmoja alikisimamia kiti kufunga neti, na mguu ukatumbukia mpaka kwenye goti. Kikalio kimetoboka katikati. Nimeona aibu kukuandikia. Kuna fundi yeyote unayemjua wa kusuka henzirani?

Wako,
Cornel


Kilosa,
25 Julai 2024

Ndugu Cornel,

Barua yako ya tarehe 16 nimeipokea na kuihifadhi kwenye jalada. Ni barua nzuri sana. Ukiacha habari ya neti, na kwamba nililazwa, haina neno la kweli hata moja.

Matibabu yangu yalilipwa na bima ya wastaafu, kuanzia kitanda mpaka kidonge cha mwisho. Karatasi zote ninazo. Hakuna aliyehitaji kuuza hata kijiko. Halafu Ditram hajawahi kutamka sentensi ndefu kiasi kile tangu azaliwe. Akiwa na njaa husema "njaa". Nimekaa na barua za watu miaka thelathini na moja, mwanangu, najua barua iliyoandikwa ili mtu afurahi.

Lakini mimi ndiye niliyeanza kudanganya, kwa hiyo na mimi nikiri. Viti havikuuzwa kwa ruhusa yangu. Nililazwa Morogoro wiki saba. Wiki ya tatu, asubuhi, Ditram alisema anakwenda kuninunulia uji. Hakurudi. Nilidhani amegongwa na gari. Niliwauliza wauguzi, wakapiga simu yake, haipatikani. Nilipopata nafuu nikatoka, nikapanda basi peke yangu na mfuko wangu wa nguo, nikafungua mlango wa nyumbani, na pale sebuleni, kwenye sakafu yangu ya nta nyekundu, nikakuta alama kumi na sita za miguu ya viti. Ndipo nilipojua kwamba hakugongwa. Utashangaa nikikuambia kwamba kwanza nilifurahi.

Siandiki kutafuta viti. Sikuwahi kuandika kutafuta viti. Wewe ndiye mtu wa mwisho ninayemjua aliyemwona mwanangu.

Andika alichosema. Chochote kile.

Fundi wa henzirani sijui aliye hai. Kiweke kando, usikifunike.

Anastazia


Mikumi,
5 Agosti 2024

Mama,

Shikamoo, na unisamehe. Nimeianza barua hii mara nne.

Alifika saa nne asubuhi. Mvua ilikuwa inanyesha, alikuwa amevifunika viti kwa turubai na yeye mwenyewe ameloa. Nilimuuliza, "Vya kwako?" Akasema, "Vya nyumbani." Nikamuuliza, "Wazee wako wanajua unaviuza?" Maana vijana huwa wanaleta vitu hapa, na mimi sipendi ugomvi. Akasema, "Mzee alikufa zamani." Nikamuuliza, "Na mama?"

Akakamua maji kwenye mkono wa sweta. Kisha akasema, "Mama tumemzika Jumamosi."

Hayo ndiyo maneno yenyewe. Nikampa pole, akaniambia ulikuwa umelazwa Morogoro. Nilimkaribisha ndani, nikampikia ugali na mayai, kwa sababu kwa sura yake niliona hajala. Alikula chote. Mimi mke wangu Magreti alifariki miaka sita iliyopita, kwa hiyo nikaanza kumpa maneno yale ambayo watu walinipa mimi, kwamba ataizoea nyumba, kwamba siku zitasogea. Alifunika uso kwa mikono. Alilia, mama. Sijui alikuwa analia nini kama ulikuwa hai, lakini mimi nimezika, na nililiamini lile chozi, na mpaka leo sijaweza kulikataa.

Baada ya kuviingiza viti ndani alikaa kwenye kimoja, kile cha mguu uliopasuka, kama nusu saa. Kisha akainuka akaondoka kwa miguu kuelekea njia ya Ruaha.

Ndiyo maana barua yako ya kwanza ilinishtua. Ilikuwa ni barua ya mtu niliyekwisha kumwombea marehemu kanisani, nimemtaja kwa "mama wa kijana wa viti" kwa sababu jina sikulijua.

Sikutaka ulijue neno hilo kupitia kwangu. Ungelijua kupitia kwa nani, sijui.

Cornel


Mikumi,
20 Septemba 2024

Mama Anastazia,

Shikamoo.

Wiki sita zimepita sijapata barua yako. Kila asubuhi Doto akipita ananipungia mkono mtupu kutoka mlangoni mwa basi, hata kabla sijauliza.

Juzi nilifanya jambo bila ruhusa yako. Nilimpa viti viwili akuletee. Jana jioni vimerudi. Doto amenieleza ulivyomwambia, nami nayaandika kama alivyoyasema: "Mwenye viti hivi alizikwa Aprili. Mrudishie aliyevinunua kwa mrithi." Anasema hukupandisha sauti wala hukulia. Ulimpa maji ya kunywa ukafunga mlango.

Mama, sina la kujitetea. Nataka tu ujue jinsi ninavyoishi, labda utaelewa kwa nini nakuandikia tena. Hapa kwangu watu hulala usiku mmoja. Wakija wamechoka na barabara, hawana maneno. Asubuhi wana haraka. Kwa mwaka mzima hakuna mtu anayekalia kiti alichokikalia jana yake, isipokuwa mimi. Barua zako tatu ndizo maongezi marefu niliyofanya tangu Magreti aondoke. Siandiki hivi ili unihurumie. Naandika kwa sababu ni kweli, na umenifundisha kwamba ukiona uongo unaujua.

Viti nimevirudisha mahali pake. Sitavituma tena mpaka useme.

Cornel


Mikumi,
6 Oktoba 2024

Kwa Ditram,
Kidodi, kwa mkono wa dereva Gerald.

Ditram,

Mimi ndiye niliyenunua viti vyako nikakupikia ugali na mayai. Gerald analala hapa kila akipeleka lori lake gereji. Juzi alinisimulia habari za kijana wanayepakia naye miwa, haongei, ana sweta la kijani hata jua likiwa kali, na akiulizwa kwao anasema hana kwao, ni yatima. Sikuhitaji kuuliza jina.

Wewe si yatima. Mama yako yuko Kilosa, nyumba ile ile. Alitoka hospitali mwisho wa Aprili, akarudi peke yake. Aliniandikia barua ya kwanza akaniuliza kama siku ile ulikuwa umevaa sweta. Hilo ndilo aliloniuliza, Ditram. Hakuuliza viti.

Sasa amejua ulichosema. Mimi ndiye niliyemwambia, naye tangu hapo hajaniandikia.

Mimi si polisi wala si padri. Viti nilivinunua na ninavikalia. Lakini sitaendelea kubeba neno lako. Lichukue mwenyewe ulipeleke.

Cornel Haule


Kidodi,
13 Oktoba 2024

Mzee Cornel,

Shikamoo.

Barua nimepata. Nimeisoma kwenye miwa. Gerald alidhani nimeumwa na nyoka.

Sikujua kama yuko hai. Naapa. Hutaniamini lakini sikujua.

Ilikuwa hivi. Siku ile ya uji daktari aliniita pembeni. Akasema, "Kijana, jiandae." Neno hilo tu. Mama alikuwa hanijui tena, ananiita jina la kaka yake. Nilitoka kununua uji. Nilipofika kwenye uji miguu ikapita. Ikaenda stendi. Sikuamua.

Nikafika nyumbani. Nikakaa siku nne. Nikazima simu nisije nikaambiwa. Vile viti vinne vilikuwa vinanitazama. Nilikuwa naona waombolezaji wamevikalia. Sikuweza kula humo ndani. Nikavipeleka mahali nisipovijua.

Ulipouliza mama yuko wapi, neno lilitoka mdomoni hivyo. Nilikuwa nimeshamzika kichwani. Nililia kwa sababu nilidhani ni kweli au itakuwa kweli kabla jua halijazama. Baada ya hapo simu nikaiuza. Niliogopa kuuliza. Kila siku nilikuwa nasema kesho nitauliza kaburi liko wapi.

Alirudi peke yake na mfuko wa nguo? Hilo la mfuko hukuandika lakini naliona. Mfuko ule wa bluu ni mzito.

Sijui nitafanyaje.

Ditram


Kidodi,
4 Novemba 2024

Mama,

Shikamoo.

Nilikuja Jumamosi.

Nilifika saa tano. Mlango ulikuwa umerudishwa, dirisha wazi. Nilikuona. Umekaa kwenye kiti cheupe, mgongo kwangu, unachambua choroko kwenye ungo. Umepungua. Nywele umenyoa.

Nikapiga hodi. Ukaendelea kuchambua. Nikapiga tena. Nikasema, "Mama, ni mimi." Nikasema kwa nguvu. Jirani wa pili alitoka nje kunitazama. Wewe hukugeuka. Hata mkono haukusimama kwenye ungo.

Nimeelewa. Siwezi kulalamika. Mtu aliyenizika kama mimi nilivyokuzika ningemfanyia hivyo hivyo. Nilisimama mpaka jua likahamia upande wa jiko. Kisha nikaweka sukari mlangoni nikaondoka.

Sitakusumbua tena. Nilitaka ujue kwamba nilikuja, na kwamba sikuja kuomba kitu.

Sweta nimelifua, nimempa Gerald alilete. Ni la baba.

Ditram


Kilosa,
15 Novemba 2024

Ditram,

Marahaba.

Hii ni barua ya tatu ninayokuandikia leo. Mbili za kwanza nimezichana, jambo ambalo sijawahi kufanya na karatasi nzima.

Ule mfuko wa sukari niliukuta jioni nikadhani ni wa jumuiya, nikamtuma mtoto aurudishe kanisani. Wamekunywa chai ya sukari yako Jumapili nzima. Nami nilikuwepo, nilikunywa.

Sasa sikiliza. Naandika "sikiliza" kwa mazoea tu.

Mimi sisikii, Ditram. Ugonjwa uliondoka na masikio yangu. La kushoto lilizima kabisa nikiwa bado wodini, la kulia likabaki linasikia kama mtu anaongea ndani ya mtungi, na tangu Agosti hata mtungi wenyewe umenyamaza. Wauguzi walikuwa wananiandikia kwenye kadi. Hapa nyumbani hakuna anayejua vizuri. Watu wakiongea natazama midomo na kutikisa kichwa, na kwa kuwa nimekuwa mtu wa kununa tangu zamani, wanaona kawaida. Hata Cornel, niliyemwandikia mambo ambayo sijamwambia padri, sikumwandikia hili. Aliniomba nipige simu nikamjibu kama bosi. Niliona aibu. Mtu aliyeachwa wodini halafu awe kiziwi juu yake. Nikaona watu watasema basi, huyu amekwisha.

Wewe ungelijua. Ungekuwepo siku lilipozima la kushoto, ungelijua. Nilikuwa nakuita nikitazama mlango.

Kwa hiyo Jumamosi sikukunyima uso wangu. Nilikuwa nachambua choroko. Nakumbuka choroko hizo, zilikuwa na mawe mengi. Jirani, mama Grace, jioni alikuja akapiga domo na kuonyesha mlangoni kwa mikono yote miwili, nikadhani ananiambia habari za mbuzi wake. Ulikuwa nyuma yangu hatua sita, umesimama mpaka jua likahama, na mimi nawaza kwamba nitakula peke yangu tena.

Tangu nilipoisoma barua yako siwezi kukaa nimeupa mlango mgongo.

Sijakusamehe. Nataka uelewe hivyo ili usije ukadhani yamekwisha. Ulichofanya ni kikubwa. Barua uliyomwandikia Cornel ameniletea kwa mkono wa Doto, nimeisoma. Daktari alikuambia ujiandae, na mimi nilikuwa najiandaa kitanda hicho hicho, peke yangu. Nilikuwa nakuita jina la mjomba wako, sawa. Lakini uliyeitwa ni wewe. Hilo nitakuuliza, nitakuuliza mara nyingi, na huenda mpaka nife sitapata jibu la kunitosha. Lakini nataka kukuuliza wewe, si ukuta.

Cornel nimemwandikia leo pia. Nimemwambia viti ni vyake, alivinunua kwa haki, asinitumie tena kwa basi kama wagonjwa. Nimemwambia kikalio kile kilichotoboka nitakisuka mwenyewe; nilikuwa namshikia baba nyuzi nikiwa na miaka sita, na vidole bado vinakumbuka njia. Atakileta mwenyewe Desemba, amalize siku mbili hapa. Nilijua atauliza kama atapata pa kukaa. Nimemjibu akae juu ya gunia la mahindi.

Sweta nalirudisha kwa Gerald huyo huyo. Baba yako halihitaji.

Mlango wa mbele sitaufunga mchana. Ukija usipige hodi, wala usiniguse kwa nyuma, nitapata mshtuko. Pita pembeni ya ukuta, uzunguke mpaka mbele, usimame ninapotazama. Nikikukazia macho bila kusema kitu, usikimbie. Nitakuwa nahakikisha ni wewe.

Mimi nitauliza kwa mdomo. Wewe utanijibu kwa maandishi, hakuna njia nyingine sasa, na safari hii sitaki sentensi za neno moja.

Lete daftari, Ditram. Lete kubwa.

Mama yako,
Anastazia